Kadi Zenye Kibanio Chekundu

Mwaka juzi halmashauri ya mji wetu iliandaa maonyesho kuhusu ile kesi. Miaka zaidi ya thelathini imepita, na sasa watu wanaona fahari kwamba mahakama yetu ndogo iliwahi kuvuma nchi nzima. Nikaenda na fimbo yangu. Ukutani walikuwa wametundika picha ya kadi moja ya mgonjwa, imekuzwa ikawa kubwa kama mlango, jina limefutwa kwa wino mweusi. Mama mmoja mgeni akasimama kando yangu, akasifu mwandiko ule, akasema siku hizi watu hawaandiki hivyo tena. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mwandiko ule ni wangu.

Chini ya picha wameandika kwamba kadi "zilikamatwa." Zilikamatwa! Utadhani zilikuwa zinakimbia. Hakuna mahali palipoandikwa nani aliwafungulia polisi droo, na ndiyo maana nasimulia. Msinipe pole. Sikuzistahili wakati ule na leo sizitaki.

Naitwa Irmengard Kögel. Nilizaliwa mwaka 1938 kwenye shamba la ng'ombe huku Allgäu, kusini kabisa mwa Bavaria, Ujerumani, mtoto wa tano kati ya saba. Shule niliishia darasa la nane. Mwalimu wetu alikuwa mtawa mwenye rula, na kila herufi iliyolala upande usiotakiwa ililipiwa na vidole. Nikatoka pale bila hesabu za maana wala jiografia, ila na mwandiko ulionyooka kama mstari wa viazi. Nilipofika miaka ishirini na minne, Daktari Wendelin Haug alifungua zahanati ya wanawake mjini, akawa anatafuta msaidizi wa kupokea wagonjwa. Aliniambia niandike sentensi moja, yoyote. Akaitazama, akaniambia nianze Jumatatu. Nilikaa naye miaka ishirini na mitano.

Sikuolewa. Watu walinitania kwamba nimeolewa na droo zangu, nami nilicheka nao, maana moyoni nilijua si uongo. Kila mgonjwa alikuwa na kadi yake, kwa alfabeti, hakuna iliyokunjika pembe. Daktari mwandiko wake ulikuwa nyayo za kuku; jioni alinisomea, mimi nikaandika upya. Kama kuna kitu nilijivunia duniani, ni hicho. Mwingine ana watoto, mimi nilikuwa na kadi.

Sheria ya wakati ule ilikuwa hivi. Kutoa mimba ni kosa, isipokuwa daktari akiona mama yumo katika dhiki kubwa. Lakini kwanza mama aende kwa mshauri, halafu apate barua ya daktari wa pili, halafu akalazwe hospitali. Haya, nenda sasa, katika mji wa watu elfu nane! Mshauri ni binamu yake paroko. Daktari wa pili anaimba kwaya moja na mumeo. Hospitali ni ya watawa. Wenye uwezo walikwenda Uholanzi, wakarudi wakasema walikuwa likizo. Wengine waliingia kwetu kwa mlango wa nyuma, na Daktari Haug akawasaidia bila hizo karatasi.

Aliniambia mapema kabisa, kwa hao nisiandike kitu. "Bi Irmengard," alisema, "kichwa changu kinatosha." Lakini mimi ningewezaje kuacha kadi tupu? Nilijiambia kwamba siku moja mtu atauliza, na siku hiyo karatasi itawatetea: itaonyesha kwamba hakuna aliyefanya kwa mchezo. Nikaandika kila neno waliloniambia pale mezani. Mume amelazwa. Watoto watano, chumba kimoja. Baba wa mtoto ni kaka wa mume. Niliandika, nikabana kibanio chekundu juu ya kadi. Kibanio kile nilikibuni mimi mwenyewe, tena kwa wema. Mama akirudi kukaguliwa baada ya wiki mbili, nikiona chekundu nampeleka moja kwa moja chumba cha ndani, simuulizi mbele za watu amefuata nini. Wengi walinishukuru kwa macho.

Mwaka 1985 Daktari aliniambia nichome kadi za zamani. Nilimjibu kwamba utaratibu unataka zitunzwe miaka kumi. Alinitazama, akacheka kidogo, akaenda zake. Alijua kubishana na mimi juu ya utaratibu ni kupoteza muda.

Polisi walikuja Jumatano alasiri, Septemba ya mwaka 1987. Jumatano alasiri zahanati zote za kwetu hufungwa; Daktari alikuwa amekwenda kupanda milima, nami nilibaki kupanga kadi, kazi niliyoipenda kuliko sikukuu. Walikuwa wawili, mmoja kijana, mwingine mtu mzima wa mvi, Bwana Zwerger. Mtu asiyejulikana alikuwa amemshtaki Daktari Haug kwa barua isiyo na jina, na mahakama ilikuwa imetoa hati kumbukumbu zichukuliwe.

Ningeweza kumpigia simu wakili. Ningeweza kutoa ufunguo na kufunga mdomo, hakuna sheria iliyonitaka niseme neno. Lakini sisi watu wa huku tumelelewa hivi: mtu wa serikali akija na karatasi yenye muhuri, unavua aproni na kusema karibu. Nikawakaribisha. Nikawapa kahawa. Nikawakatia keki ya plamu niliyokuwa nimemwokea Daktari, na kijana akaomba kipande cha pili.

Bwana Zwerger akavuta droo ya kwanza. Kisha akasema katika miaka thelathini ya kazi hajapata kuona kumbukumbu zilizopangwa namna hii. Lau ofisini kwao wangekuwa na mtu mmoja kama mimi, nusu ya kesi zingekuwa zimekwisha. Jamani, nilikuwa na miaka arobaini na tisa, na hakuna aliyewahi kuniambia neno kama hilo. Daktari alikuwa mtu mwema, lakini sifa zake ziliishia kwenye "nipe kadi." Masikio yaliniwaka moto kwa furaha. Ndipo yule mzee akauliza, kwa upole, kama mtu anayeuliza njia, hivi vyekundu vina maana gani.

"Hao ndio waliotolewa mimba," nikasema. "Ili nisiwasahau kwenye ukaguzi."

Nikaongeza, bila kuulizwa, kwamba za miaka ya nyuma ziko droo ya chini. Nilimwona anataka kuinama, mgongo unamuuma, nikamwambia asijisumbue. Niliinama mimi, nikamtolea.

Walipoondoka na maboksi nilisimama dirishani nikawapungia mkono. Nilipogeuka na kuona kabati tupu, ndipo akili iliponirudia. Wanasema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mwosha nilikuwa mimi, na nilikuwa nimewaita watu waje kutazama.

Daktari alirudi jioni na viatu vya matope. Hakufoka. Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, akaniuliza swali moja tu, kama niliwaeleza maana ya ile rangi. Nikamtazama usoni.

"Wamegundua wenyewe, Bwana Daktari," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Aliniamini, maana miaka yote ile sikuwahi kumdanganya.

Majira ya baridi barua za mahakama zikaanza kufika, moja baada ya nyingine, zaidi ya mia. Mtu wa posta alijua, kwa hiyo mji wote ulijua. Wanawake waliitwa kituoni kueleza kwa nini, lini, na kwa nini wasingezaa tu. Wengine walishtakiwa wao wenyewe, wengine waliwekwa mashahidi dhidi ya Daktari. Kwenye duka la mikate mazungumzo yalikatika nilipoingia. Kumbe hawakujua bado nilichofanya; walinionea huruma kama mtu aliyepoteza kazi. Mke wa mwokaji hata alinipa mkate wa bure. Nilikuja nao nyumbani, nikashindwa kuula.

Februari alikuja kwangu Hedwig Stölzle. Hedwig na mimi tulikalia dawati moja tangu darasa la kwanza, na kwenye kwaya ya kanisa tulisimama bega kwa bega sauti ya pili. Mumewe Xaver alikuwa mtengeneza jibini, mtu wa baraza la parokia, si mkatili, ila mgumu. Mwaka 1984, akiwa na miaka arobaini na sita na watoto wanne, Hedwig alishika mimba ambayo hakuitarajia tena. Mtoto wa nne alimtia wazimu wa huzuni mwaka mzima, alikuwa akikaa kwenye ghala la jibini analia mpaka maziwa yanaharibika, na aliapa hatarudi kule tena akiwa hai. Xaver hakujua kitu. Mkono wa Hedwig niliushika mimi siku ile. Kisha nikaenda mezani nikaandika.

Sasa barua yake alikuwa ameiwahi yeye kabla ya mumewe, na tena alikuwa na mpango. Alikuwa amekwishamwambia Xaver kwamba ameitwa kwa makosa ya zahanati. Mahakamani atasema alikuwa akitibiwa maumivu ya kizazi tu, mambo ya wanawake, na mimi niseme maneno ya mgonjwa mwingine niliyaandika kwenye kadi yake. Kadi mbili ziligandana, basi.

"Neno moja tu, Irmi," alisema. "Useme ulikosea. Nani hajakosea? Xaver akijua, sina nyumba."

Nilimwahidi. Nilimshika mikono yote miwili nikamwambia alale usingizi, nitasema. Na niliposema hivyo nilimaanisha kweli.

Kesi ilianza Septemba 1988, nayo ilikuwa kama gulio. Magari ya televisheni yalijaa uwanja wa soko. Wanawake kutoka Munich na Frankfurt walikuja na mabango, wakiimba nje ya mahakama. Wazee wetu wakawapita na rozari mkononi. Magazeti yaliandika kwamba hapa ndipo itakapoamuliwa nani ana haki ya kupima dhiki ya mama: mama mwenyewe na daktari wake, au hakimu. Ndani ya chumba, chini ya msalaba, kadi zangu zilisomwa kwa sauti moja baada ya nyingine. Maneno yaliyosemwa mbele yangu kwa kunong'ona yalisomwa na karani kama orodha ya bei za mbegu. Mwendesha mashtaka alimuuliza mama mmoja kama kweli chumba chake hakikuwa na nafasi ya kitanda kidogo. Mwingine aliulizwa kwa nini asimpe mamake mtoto alee.

Hedwig alitoa ushahidi asubuhi ya siku ya kumi na moja. Xaver alikuwa amekuja naye, amevaa koti la Jumapili, kofia magotini, ameketi mbele ili watu wamwone. Alikuja kulinda heshima ya mkewe. Hedwig alisema vizuri, sauti haikutetemeka. Kadi ile si maneno yangu, alisema, muulizeni aliyeandika. Kisha akaenda kukaa kando ya mumewe, na Xaver akampigapiga mkono.

Nikaitwa mimi. Kwanza hakimu alisoma taarifa ya Bwana Zwerger. Ilikuwa imeandikwa humo, neno kwa neno, kwamba msaidizi wa zahanati "alieleza kwa hiari na kwa ukarimu" maana ya vibanio vyekundu, na akawatolea mwenyewe droo ya chini. Daktari Haug, pale alipoketi na wakili wake, akageuka kunitazama. Hakuwa na hasira. Alionekana kama mtu anayepiga hesabu upya. Nyuma yangu mwanamke mmoja alisema, si kwa sauti kubwa, "Kumbe ni yeye." Naona haya kulisema hili, lakini wakati ule sikumfikiria Daktari wala wale wanawake mia. Nilifikiri jinsi watu wanavyonitazama mgongo.

Hapo wakili wa utetezi akasimama. Alikuwa kijana wa Munich, mwenye ulimi wa haraka, na sasa najua alikuwa akinifungulia mlango. Ikiwa kadi zangu haziaminiki, kesi nzima inalegea, na Hedwig anapona. Lakini aliufungua kwa namna yake. Aliniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikasema darasa la nane. Aliuliza kama nimesomea uuguzi. Hapana. Kwa hiyo, alisema akiwageukia waandishi wa habari, hapa tuna mama asiyesomea kitu, amechoka, jioni, anaandika aliyokumbuka na asiyokumbuka, kadi mia mbili juu ya meza, anabandika rangi zake kama mtoto wa chekechea. Watu wakacheka. Wale wa mji wangu, walionijua tangu nabatizwa, wakacheka.

"Si kweli, Bi Kögel," akaniuliza, tena kwa upole sasa, "kwamba ulikosea mara nyingi tu, na hakuna awezaye kujua kadi ipi ni sahihi?"

Ndilo lilikuwa neno lenyewe. Limetafunwa, nimewekewa mdomoni, kazi yangu ni kumeza tu. Hedwig alikuwa amekaa hatua tano kutoka kwangu, macho hayabanduki usoni pangu.

"Miaka ishirini na mitano," nikasema, "sijakosea kadi hata moja."

Nilisikia sauti yangu ikitoka wazi, kavu, ya mtu aliyetukanwa. Wakili akashusha karatasi zake. Hakimu aliinua ile kadi ya Hedwig, akauliza kama na hii pia ni sahihi. Nikasema ndiyo, mheshimiwa. Na nilikuwa nimenyoosha mgongo, Mungu anisamehe, nilikuwa nimenyoosha mgongo.

Xaver aliutoa mkono wake pale ulipokuwa, akasimama, akavaa kofia humo humo ndani ya mahakama, akatoka. Tukasikia gari lake likiwashwa uani. Hedwig alirudi nyumbani kwa basi la saa nane.

Yaliyofuata yako kwenye vitabu. Daktari alihukumiwa kifungo, akanyang'anywa kazi; mahakama ya juu ikatengua sehemu ya hukumu baadaye; nchi ikagombana miaka kadhaa, na kwenye miaka ya tisini sheria ikaandikwa upya. Kwenye maonyesho kuna ubao unaoeleza kwamba mji wetu ulichangia mabadiliko hayo. Hedwig alitozwa faini. Xaver alikaa naye mwaka mmoja bila kumsemesha, chakula wakila kwa zamu, mpaka binti yao mkubwa akaja kumchukua Hedwig kwenda kuishi naye mji wa Ulm. Nafasi yake kwenye kwaya haikukaliwa na mtu. Mimi niliendelea kuimba kando ya hiyo nafasi kwa miezi mitatu, kisha nikaacha.

Ilinichukua miaka minne kupanda treni kwenda Ulm. Hedwig alifungua mlango, akanitazama, akaniacha niingie. Aliweka maji ya kahawa, maana huku kwetu hata adui hunyweshwa kahawa. Alikuwa amekonda, nywele zimekatwa fupi, na mjukuu alikuwa amelala kwenye chumba cha pili. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilimwambia naomba msamaha. Halafu, badala ya kuishia hapo, nikaanza kueleza: nilikuwa nimeapa, msalaba ulikuwa juu ya kichwa changu, na mimi, yeye ananijua, siwezi kusema uongo.

Alingoja mpaka nimalize. Akamimina kahawa, akanisogezea sukari.

"Daktari ulimwambia polisi waligundua wenyewe," alisema. "Alinieleza mwenyewe, kabla hajahama. Uongo unaujua vizuri, Irmi. Ulipokuwa wa kukuokoa wewe, uliusema. Ulipokuwa wa kuniokoa mimi, ndipo ukakumbuka dini."

Hakusema kwa ukali. Alikaa akakoroga kikombe chake, na tuliweza kumsikia mtoto akigeuka kitandani. Nilikunywa kahawa yote kwa sababu sikujua nifanye nini kingine na mikono yangu. Kisha Hedwig akatazama saa ya ukutani, akaniambia treni ya kurudi inaondoka saa kumi na moja na dakika kumi, na kituo kiko mbali kidogo kwa miguu.